Namna ya Kufuatilia Historia ya Hakimu wa Mahakama ya Chini California

Watu wengi wanaotafuta habari za hakimu wa zamani wa jimbo la California huanza na jina lake, nao hukwama mapema. Anza na mahali na mwaka. Mahakama za chini za jimbo hilo zilibadilishwa majina, mipaka na mamlaka mara nyingi, kiasi kwamba daftari unalolitafuta huenda leo limo mikononi mwa mahakama ambayo hakimu huyo hakuwahi kuisikia.

Weka kwanza mwaka wako katika kipindi chake. Kabla ya jimbo kuingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1850, kazi ya hakimu wa mji ilifanywa na alcalde, ofisa wa desturi ya Kihispania na Kimeksiko aliyekuwa msimamizi wa mji na mwamuzi kwa pamoja. Hata Walter Colton, kasisi wa jeshi la majini la Marekani, alishika cheo hicho Monterey kuanzia mwaka 1846. Katiba ya 1849 ilileta hakimu mlinzi wa amani (justice of the peace), cheo chenye asili ya Uingereza, akiwa chini ya mahakama za kaunti na za wilaya. Katiba ya 1879 ilifuta mahakama hizo mbili na kuweka Mahakama Kuu (Superior Court) katika kila kaunti, lakini walinzi wa amani walibaki na mashauri madogo, yakiwamo madai ya fedha yasiyofikia dola 300.

Kuanzia hapo mambo huchanganya. Mwaka 1924 wapigakura waliruhusu mahakama za manispaa katika miji mikubwa, na kwa miaka zaidi ya ishirini mahakama hizo zilikuwapo sambamba na za walinzi wa amani na za polisi. Mabadiliko ya 1950 yalibakiza aina mbili tu: mahakama ya manispaa kwa wilaya ya kimahakama yenye zaidi ya watu 40,000, na ile iliyoitwa mahakama ya haki kwa wilaya ndogo zaidi. Mahakama za haki ziligeuzwa kuwa za manispaa mwaka 1995, kisha kura ya 1998 ikaruhusu kila kaunti kuunganisha mahakama zake za manispaa na Mahakama Kuu, kazi iliyokamilika mwaka 2001 kaunti ya Kings ilipojiunga ikiwa ya mwisho kati ya kaunti 58. Ndiyo maana barua ya kuulizia kumbukumbu hupelekwa leo kwa karani wa Mahakama Kuu ya kaunti, hata kama shauri lilisikilizwa katika chumba cha nyuma cha duka.

Kabla ya kuandika barua hiyo, hakikisha kaunti yenyewe. Orange ilikatwa kutoka Los Angeles mwaka 1889, na Imperial kutoka San Diego mwaka 1907. Kwa shauri la kabla ya hapo, ulizia kaunti mama. Kwa San Francisco punguza matumaini, maana moto uliofuata tetemeko la 1906 uliteketeza nyaraka nyingi mno.

Usitegemee kupata mwenendo kamili wa shauri. Mlinzi wa amani hakuwa na mwandishi wa kunakili maneno ya mashahidi. Aliandika katika daftari la mashauri majina ya wadaawa, tarehe, hukumu na ada. Ukikuta mstari unaosema rufani imekatwa, furahi, kwani makaratasi yalipelekwa mahakama ya juu yake, na mara nyingi ndiyo yaliyosalia. Baada ya daftari hilo, chanzo ninachokithamini kuliko vyote ni kumbukumbu za vikao vya bodi ya wasimamizi wa kaunti, mahali ambapo hakimu aliyelipwa kwa ada alipeleka madai yake, ambapo nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa, na ambapo mipaka ya eneo lake ilichorwa upya. Magazeti ya wakati ule husaidia kwa uchaguzi na kwa kesi za vioja. Mkusanyo wa magazeti hayo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha California, Riverside, husomeka mtandaoni bila malipo. Chukua tahadhari moja tu: mhariri mara nyingi alikuwa na chama chake, na hakimu naye alikuwa na chake.

Mwisho, usimhukumu hakimu kwa kukosa shahada ya sheria. Wengi walikuwa wakulima au wafanyabiashara, na sheria iliwaruhusu. Mwaka 1974 ndipo Mahakama ya Juu ya jimbo, katika shauri la Gordon, ilipoamua kwamba mshtakiwa anayekabiliwa na uwezekano wa kifungo hawezi kulazimishwa kusikilizwa na hakimu asiye mwanasheria. Kwa hiyo, unapokuta daftari la miaka ya 1960 lenye hati ya mkono wa mtu wa kawaida, lisome kama kazi iliyofanywa kwa mujibu wa utaratibu wa siku zake.