Somo: Kagua na kaza cheni ya pikipiki kabla haijakukatikia barabarani

Cheni ikikatika na kudondoka barabarani, pikipiki inakosa nguvu na unasota nayo hadi pembeni. Ikijikusanya kwenye sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya mbele ni jambo jingine kabisa: tairi la nyuma linafunga ghafla, au cheni inapasua ukuta wa injini. Karibu kila mara dalili huwa zilishaonekana. Somo hili linahusu cheni za saizi 428 na 428H, zilizoenea kwenye bodaboda za cc 125 na 150.

Andaa spana za ekseli na za vikazio (bolti za kukazia cheni, kulia na kushoto kwa tairi la nyuma), plaizi, rula ya chuma ya sentimita 30, brashi, mafuta ya taa, vitambaa na oili ya gia namba 90.

1. Zima injini, chomoa ufunguo, weka stendi kubwa, gia iwe frii. Tairi lizungushe kwa mkono. Kusafisha cheni huku injini ikizungusha tairi ndiko kunakokata vidole vya watu, na hakuna haraka inayostahili hilo.

2. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa, kisha futa mpaka ikauke. Petroli iache.

3. Pima uchakavu. Cheni "hairefuki" kwa kuvutika chuma. Ni pini na bushi zake zinazolika ndani. Ivute inyooke, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, itoe. Angalia na sproketi: meno yaliyochongoka au kulalia upande mmoja yamekwisha. Badilisha seti nzima, kwa kuwa cheni mpya juu ya meno ya zamani inalika upesi.

4. Kagua kiungo chenye klipu, kile kinachounganisha ncha mbili za cheni. Hapa ndipo cheni nyingi hufunguka. Upande wa klipu uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Ukigeuza, kokoto au kava inaweza kuisukuma itoke. Klipu iliyolegea au kupinda usiirudishe, nunua nyingine. Tena, kiungo cha 428 kisifungwe kwenye cheni ya 428H: bamba za H ni nene zaidi, hivyo pini inakuwa fupi na klipu haikai kwenye mfereji wake.

5. Pima ulegevu katikati ya cheni ya chini, kwa kuisukuma juu na chini. Pikipiki nyingi za kazi zinataka milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Zungusha tairi na upime sehemu kadhaa, kisha rekebisha kwa kufuata ile iliyokaza zaidi. Legeza nati ya ekseli, zungusha vikazio vya kulia na kushoto sawasawa, alama za pande zote mbili zilingane. Kaza ekseli, pima tena, kisha rekebisha breki ya nyuma, maana ukisogeza tairi, fimbo ya breki nayo inabadilika.

6. Dondoshea oili upande wa ndani wa cheni, kwenye maungio, huku ukizungusha tairi. Futa inayobaki juu, la sivyo itakusanya mchanga.

Ikikatika ukiwa mwendoni: achia mafuta, bana klachi, shika usukani unyooke, tazama mbali. Tumia breki ya mbele taratibu. Tairi la nyuma likifunga, usiguse breki ya nyuma na usikate kona. Acha pikipiki ipungue mwendo ikiwa imenyooka. Abiria akae wima.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, oili chafu ya injini haifai? Ni ya bure.*
Ina vumbi la chuma na masizi. Inalainisha siku moja huku ikisaga pini.

*Vikazio vyangu vimefika mwisho. Fundi anasema akate pingili.*
Asikate. Cheni iliyofika hapo imeshalika, na ukiifupisha, pini zake bado zimelika vilevile. Halafu pingili hutolewa mbili mbili, ya ndani na ya nje.

*Nikibeba mizigo mizito niikaze zaidi?*
Hapana. Mzigo unaposhusha shokapu, cheni inajikaza yenyewe. Ukiibana mno unaharibu beringi ya sproketi ya mbele, na hiyo ni kazi ya kufungua injini.

*Kava la cheni linapiga kelele, naweza kulitoa?*
Usilitoe. Kanga, dera au mtandio wa abiria ukinaswa kati ya cheni na sproketi, anavutwa chini kabla hujasikia sauti yake. Linyooshe, lifunge bolti zake zote, na kabla ya kuondoka mwambie abiria akunje nguo na kuikalia.