"Muss nicht" si "must not": kusoma barua za ofisi za Ujerumani

Uliyefika Ujerumani na Kiingereza cha shule, usikipitishe Kijerumani kwenye Kiingereza. "You must not sign" ni katazo: usisaini. "Sie müssen nicht unterschreiben" ni si lazima usaini, ukitaka, saini. Katazo lao ni "dürfen" (kuruhusiwa) pamoja na "nicht" (si). Kiswahili kinatenganisha "si lazima" na "hairuhusiwi" kama wao, basi tafsiri moja kwa moja. "Ich will" nayo ni nataka, wala si "I will". Ukiwa kaunta sema "ich möchte", ningependa.

Kunyambua hakuna makuu: ich muss, du musst, er muss. Yeye hapati "t". Kitenzi cha pili huenda mwisho, kama kilivyo kwenye kamusi, bila "zu".

Ndiyo maana usiamini nusu ya sentensi. "Sie dürfen ab dem 1. März ohne unsere Zustimmung nicht arbeiten", yaani kuanzia Machi 1 huruhusiwi kufanya kazi bila idhini yetu: ukiishia "dürfen" umeshaanza kazi, na "nicht" bado iko mbele inakusubiri.

Mtego mbaya zaidi ni amri isiyo na "müssen" hata moja. "Die Unterlagen sind bis zum 15. Mai einzureichen." Ni lazima nyaraka zifike kufikia tarehe hiyo. "Sie haben den Pass vorzulegen" si habari kwamba una pasi ya kusafiria, unaamriwa kuionyesha. Tafuta "zu", mara nyingine imebanwa katikati: ein-zu-reichen, vor-zu-legen. Narudia: ukiona "sind" au "haben" na "zu" mwishoni, kwenye barua ya ofisi hiyo kwa kawaida ni lazima. Wajerumani hawakaripii kwenye barua. Hata "wir bitten Sie" (tunakuomba) yenye tarehe mara nyingi ni amri iliyovaa tai.

Kisha "kann". Kibali kikiandikwa "kann erteilt werden" (kinaweza kutolewa), ofisi ina hiari ya kutoa au kukataa. Msichinje mbuzi bado. "Ist zu erteilen" (lazima kitolewe) ndiyo inayowabana wao. "Soll" (inapaswa) kisheria ni karibu na lazima, isipokuwa pawe na sababu maalumu. Na "Sie können innerhalb eines Monats Widerspruch einlegen", unaweza kuupinga uamuzi ndani ya mwezi mmoja? Shangazi atakwambia kwa simu, "wamesema unaweza, haraka ya nini?" Msamehe, lakini usimsikilize. Kupinga ni hiari yako; mwezi si hiari, na unahesabiwa tangu ulipofikishiwa uamuzi.

Ukikwama kaunta, onyesha mstari kwa kidole uulize: "Muss ich das, oder kann ich?" Yaani, ni lazima, au naweza tu?