Kuiongoza Timu ya Chuo Kocha Mkuu Akiondoka Katikati ya Msimu

Mwongozo huu unamlenga kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu nchini Marekani ambaye ameitwa ofisini kwa mkurugenzi wa michezo na kuambiwa kwamba kocha mkuu hayupo tena, na kwamba kuanzia mazoezi ya kesho timu iko mikononi mwake. Msimu wa vyuo huanza mwanzoni mwa Novemba na kwa timu chache tu huendelea hadi mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo mabadiliko yakitokea Desemba mechi nyingi za ligi bado ziko mbele, na yakitokea Februari karibu kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Rai yangu ni moja: kocha wa muda hana saa za kuijenga timu mpya, na kazi yake ya kwanza ni kuipunguzia mzigo timu aliyonayo.

Anza kwa kuzihesabu saa hizo. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, huruhusu saa 20 kwa wiki za shughuli za lazima wakati wa msimu, zisizozidi nne kwa siku, na siku moja ya wiki lazima iwe ya mapumziko. Siku ya mechi huhesabiwa kuwa saa tatu, hata kama wachezaji wamekuwa uwanjani tangu mchana. Wiki yenye mechi mbili, kwa hiyo, hukuachia saa 14, na humo mna mazoezi ya uwanjani, mazoezi ya viungo na kuangalia video za mechi pamoja na makocha. Toa muda wa kumwandaa kila mpinzani, kisha jiulize ni kipi kipya unachoweza kufundisha kwa kilichobaki. Makocha wengi wa muda hufanya hesabu hii baada ya wiki tatu, wakati tayari wamekwisha kuwachanganya wachezaji kwa mifumo miwili.

Kikao cha kwanza na wachezaji kifanyike siku ileile, na ikiwezekana saa ileile, kwa sababu habari itakuwa imewafikia kwenye simu kabla hujafungua mlango. Sema kilichotokea kwa sentensi chache, sema nani anaiongoza timu, sema ratiba ya kesho, kisha nyamaza uwasikilize. Ndani ya chumba hicho kuna kijana aliyekuja chuoni kwa sababu ya kocha aliyeondoka, na pembeni yake ameketi mwingine ambaye kocha huyohuyo alimsahau benchi tangu Novemba. Neno lolote la kumsifu au kumlaumu mtangulizi wako litamuumiza mmoja wao. Usimseme. Ikiwa sababu ya kuondoka ni jambo la kisheria au la kinidhamu, waeleze wazi kwamba hutalizungumzia, na usilizungumzie hata faraghani.

Kuna hali moja ambayo ni ngumu kuliko kufukuzwa, nayo ni kusimamishwa. Katika chuo kikuu cha Texas, Chris Beard alisimamishwa tarehe 12 Desemba 2022, siku ambayo timu ilikuwa na mechi, na msaidizi wake Rodney Terry akaketi kwenye kiti cha kocha mkuu usiku uleule. Uamuzi wa kumwachisha kazi Beard haukutoka hadi tarehe 5 Januari 2023. Kwa wiki zaidi ya tatu wachezaji hawakujua kama kocha wao angerudi. Ukiwa katika hali hiyo, ongoza kana kwamba utabaki hadi mwisho wa msimu, lakini usihamie ofisi yake na usibadilishe chochote kinachobeba jina lake. Terry alimaliza akiwa na ushindi mechi 22 na vipigo 8, akatwaa kombe la mashindano ya Big 12, ligi ya chuo hicho, na timu ikatolewa na Miami mechi moja tu kabla ya nusu fainali ya taifa. Ni kweli kwamba alikuwa na wachezaji wakongwe kama Marcus Carr na Timmy Allen, ambao wangeweza kuendesha nusu ya mazoezi wenyewe. Mwenye kikosi cha vijana wa mwaka wa kwanza asijipime kwa kipimo hicho.

Baada ya kikao, gawa kazi upya kabla hujalala. Katika timu nyingi za vyuo wasaidizi hugawana wapinzani: kila mmoja ana orodha ya timu anazozichunguza, anazoandalia video na anazowaeleza wachezaji kabla ya mechi. Wewe ulikuwa na orodha yako, na mechi zilizomo hazikufutwa kwa sababu umepandishwa cheo. Mpe mtu mwingine orodha hiyo yote, kwa kuwa kocha wa muda anayeendelea kuandaa ripoti za wapinzani usiku na kuongoza mazoezi mchana hatafika Februari akiwa na akili timamu. Kisha mteue msaidizi mmoja asimamie ulinzi na mwingine mashambulizi, na kila mmoja awe na mamlaka ya kusimamisha mazoezi. Mtu wa tatu, yeyote uliye naye, apewe jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya: kukuambia ukweli wakati wa mechi kuhusu faulo, idadi ya taimauti (nafasi za kocha kuomba mchezo usimame) zilizobaki, na nani amechoka.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kila mtu atakuuliza, la nini cha kubadilisha. Kishawishi ni kikubwa cha kuonyesha kwamba zama mpya zimeanza, na wasimamizi wa chuo huenda wakakisukuma, hasa ikiwa kocha ameondolewa kwa sababu ya matokeo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa chuo kikuu cha Wisconsin. Bo Ryan alistaafu ghafla Desemba 2015 timu ikiwa imeshinda mechi 7 na kupoteza 5, na nafasi yake ikachukuliwa na Greg Gard, aliyekuwa amefanya naye kazi kwa zaidi ya miaka 20. Gard hakuleta kitabu kipya cha mbinu. Aliwarudisha wachezaji kwenye misingi ya mfumo wa zamani wa mashambulizi wa chuo hicho, ule wa pasi za mfululizo, kukata kuelekea kikapu na kubadilishana nafasi, ambao ulikuwa umewekwa kando kwa kiasi fulani kwa sababu kikosi kilikuwa kichanga. Yaani badiliko lake lilikuwa kupunguza.

Jambo ambalo watu hulisahau katika kisa hicho ni kwamba mwanzoni badiliko hilo halikuonekana kufanya kazi. Katika mechi sita za kwanza chini ya Gard, Wisconsin ilishinda mbili tu, na katika ligi ya Big Ten ilikuwa na ushindi mmoja na vipigo vinne. Kisha ikaifunga Michigan State 77-76 katikati ya Januari, na kuanzia hapo ikashinda mechi 11 kati ya 13 za ligi, ikaingia mashindano ya taifa na kufika kwenye timu 16 bora. Laiti angebadilisha mfumo tena baada ya kile kipigo cha nne, sidhani kama tungekuwa tunamtaja hapa.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chukua orodha ya michezo yote iliyopangwa, yaani mipango ya mashambulizi iliyofanyiwa mazoezi, ambayo timu inaifahamu, angalia video za mechi zote zilizochezwa, na uweke alama kwenye ile ambayo wachezaji huiendesha bila kutazama benchi. Hiyo ndiyo yenu, hata kama ni sita au saba tu. Iliyobaki ifungie kabatini hadi kiangazi. Upande wa ulinzi, chagua mfumo mmoja, wa mtu kwa mtu au wa kanda (kila mchezaji akilinda eneo lake), uwe ndio nyumba ya timu, na mwingine uwe wa dharura. Kisha ongeza jambo moja jipya, moja tu, ambalo hata mtazamaji asiyejua mpira ataliona: kukimbiza mpira mbele kila baada ya rebaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, kwa mfano, au kumkaba mchezeshaji wa wapinzani tangu nusu yake ya uwanja. Timu iliyopoteza kocha huhitaji kitu chake yenyewe cha kushika.

Mzunguko wa wachezaji ni suala nyeti zaidi kuliko mfumo. Mpe nafasi halisi mchezaji mmoja au wawili waliokuwa wamesahaulika, kwa dakika nane au kumi za kipindi cha kwanza, wala si zile dakika za mwisho ambazo mechi imekwisha kuamuliwa. Usimwondoe mtu kwenye kikosi cha kuanza katika mechi yako ya kwanza isipokuwa kwa kosa la nidhamu, kwa maana wenzake watalisoma badiliko hilo kuwa ni kulipiza kisasi kwa wapendwa wa kocha wa zamani. Na umwite kila mchezaji peke yake, kwa dakika kumi, umwambie kazi yake ni ipi kwa mechi zilizobaki. Mazungumzo haya yanachosha, lakini nionavyo mimi yana thamani kuliko mazoezi mawili mazima.

Usijidanganye kwa ushindi wa kwanza. Mara nyingi timu huchangamka mara tu kocha anapobadilishwa, kwa hasira au kwa ahueni. Ohio State ilimwondoa Chris Holtmann tarehe 14 Februari 2024, na siku nne baadaye, chini ya kocha wa muda Jake Diebler, ikaifunga Purdue iliyokuwa ya pili kwa ubora nchini, 73-69. Kilichompa Diebler kazi ya kudumu mwezi uliofuata si usiku ule peke yake. Msimu ulipokwisha alikuwa ameshinda mechi 8 kati ya 11. Upande wa pili kuna UCLA, iliyomwondoa Steve Alford siku ya mwisho ya mwaka 2018 ikiwa na ushindi 7 na vipigo 6. Murry Bartow aliyeachiwa timu akashinda 10 na kupoteza 10, na chuo kikatafuta mtu wa nje. Kushinda nusu ya mechi katika mazingira hayo si aibu hata kidogo, ila wanaoajiri hawakuiona kuwa sababu ya kumbakiza.

Wengi pia watakutajia Michigan ya mwaka 1989. Bill Frieder alikubali kazi Arizona State siku chache kabla ya mashindano ya taifa, akataka hata hivyo kuiongoza timu hadi mwisho, na mkurugenzi wa michezo Bo Schembechler akamkatalia na kumkabidhi timu msaidizi Steve Fisher. Fisher alishinda mechi zote sita na ubingwa, fainali ikiwa 80-79 dhidi ya Seton Hall baada ya muda wa nyongeza. Ni kisa kizuri, lakini funzo lake kwa kocha wa muda ni dogo kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa timu ilikuwa imekwisha kushinda mechi 24, na Glen Rice alifunga pointi 184 katika mechi hizo sita. Aliyefanya uamuzi wa kuigwa ni Schembechler: timu iwe na sauti moja, hata ikiwa zimebaki siku mbili.

Ndani ya mechi yenyewe utagundua kwamba kuketi kiti cha pili hakukukufundisha kuamua haraka. Msaidizi hupendekeza kumi na kocha mkuu huchagua moja. Panga maamuzi mapema kadiri uwezavyo: katika mechi za wanaume mchezo husimamishwa kwa ajili ya matangazo pale saa inaposhuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi, kwa hiyo ukiona imebaki nusu dakika kabla ya kusimama huko, vumilia na uihifadhi taimauti yako. Andika kwenye karatasi, kabla ya mechi, mchezo utakaouita ukiwa nyuma kwa pointi moja, mbili na tatu sekunde za mwisho. Wachezaji wakiona unasoma kilichoandikwa hawatakudharau. Watakudharau ukibahatisha.

Nje ya uwanja, tishio kubwa ni uhamisho. Mchezaji aliyekwisha kuichezea timu yako msimu huu hawezi kwenda kukichezea chuo kingine msimu huohuo, kwa hiyo wengi watabaki hadi mwisho, miili ikiwa hapa na mioyo ikiwa kwingine. Kanuni huwapa wachezaji nafasi maalumu ya kuhama kocha mkuu anapobadilika, na tarehe zake zimekuwa zikibadilishwa, kwa hiyo mwombe ofisa wa kanuni wa chuo aje awaeleze yeye mwenyewe. Wewe usiahidi kitu. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na ahadi ya fedha au ya nafasi msimu ujao kutoka kwa mtu ambaye hajui kama atakuwepo ni deni litakalomwangukia mwingine. Wapigie simu pia vijana waliosaini kuja mwakani, pamoja na wazazi wao, kabla ya kocha wa chuo kingine kuwapigia.

Waandishi wa habari watauliza kila wiki kama unaitaka kazi hiyo. Jibu mara moja kwamba unaitaka, kama ni kweli, na baada ya hapo uzungumzie mechi inayofuata.

Mwisho, tangu siku ya kwanza weka daftari la makabidhiano: hali ya kila jeraha, mpango wa masomo wa kila mchezaji, mliyokubaliana katika zile dakika kumi, na michezo iliyofungiwa kabatini pamoja na sababu zake. Chuo kikikubakiza, utaanzia hapo majira ya kiangazi. Kikimleta mwingine, mkabidhi daftari hilo mkononi siku atakayofika, kwa kuwa wachezaji hao watakuwa wanaanza na kocha wa tatu ndani ya miezi michache, na huenda asiwepo mtu mwingine wa kumweleza walikopitia.