Kupokea listi za jeshi na kumsoma mpinzani kwenye mashindano ya Warhammer

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tabata aliniomba nimsaidie kuandaa mashindano yake ya kwanza ya Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu: watu 12, siku moja, raundi tatu, kila mtu na jeshi la pointi 1,000, yaani jumla ya bei za vikosi vyake. Ukumbi, meza na ada aliyamudu bila mimi. Kilichomkwamisha ni listi, yaani orodha ya vikosi na silaha ambazo kila mchezaji analeta. Nani ameleta, nani hajaleta, nani ameiona ya mwenzake kabla ya kutuma yake. Nilimwandikia utaratibu huu, na nauweka hapa kwa atakayefuata.

Hatua ya 1: Taja pointi za lini

Games Workshop, kampuni ya Nottingham yenye mchezo huu, hurekebisha pointi za vikosi mara kadhaa kwa mwaka kwenye waraka unaopakuliwa bure. Kwenye tangazo lako andika tarehe ya waraka unaoutumia, na kwamba utakaotoka baada ya hapo hauhusu. Basi.

Hatua ya 2: Pokea maandishi, usipokee picha

Watu watakutumia WhatsApp skrinshoti tatu zilizokatwa katikati, picha ya daftari, hata ujumbe wa sauti. Kataa zote. Mimi natumia fomu ya Google yenye maswali manne: jina, namba ya simu, aina ya jeshi, na listi nzima kwa maandishi. Programu rasmi ya mchezo na tovuti ya New Recruit zote zinatoa listi kama maandishi. Mchezaji ananakili na kubandika. Best Coast Pairings nayo inapokea listi na kupanga mechi, na kwa watu 60 ningeitumia. Kwa watu 12 fomu inatosha, na hakuna anayelazimika kujisajili mahali pengine.

Sisitiza silaha ziandikwe. Toleo la 10 la sheria za mchezo, lililotoka 2023, liliondoa gharama ya silaha moja moja, bei ya kikosi ikawa inabeba kila kitu, na tangu hapo wengi wanaandika jina la kikosi tu. Lakini kifaru chenye mzinga wa kutoboa vifaru vingine si sawa na chenye bunduki ya kumwaga risasi kwa askari wa miguu. Silaha isipoandikwa, mtu ataichagua mezani akishamwona mpinzani wake.

Hatua ya 3: Funga kwa pamoja

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashindano ya kwanza niliyoandaa, listi zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, hadharani. Waliojipanga walituma Jumatatu. Waliosubiri mpaka Ijumaa walikuwa wameshasoma listi nane, wakaona vifaru vimejaa, wakajaza silaha za kupiga vifaru. Hakuna aliyevunja sheria. Ila aliyewahi aliumia kwa sababu ya kuwahi kwake, na mara iliyofuata hakuna aliyewahi: watu walikaa na listi mkononi, kila mmoja akimvizia mwenzake.

Wapo walioniambia, basi tufiche listi zote mpaka siku ya mechi. Nilikataa na bado nakataa. Hapa Dar wachezaji ni wachache na sanamu hizi zinaagizwa nje kwa gharama kubwa, kwa hiyo wakongwe wanajua kila mmoja ana nini kabatini. Ukificha listi, anayebaki gizani ni mgeni peke yake. Dawa ni zifungwe zote kwa wakati mmoja na zifunguliwe zote kwa wakati mmoja. Hata kwenye mechi ya Simba na Yanga, kocha hapewi nafasi ya kukiona kwanza kikosi cha mwenzake ndipo apange chake.

Sasa mitego yenyewe.

Saa ya kufunga. Niliwahi kuandika "mwisho Jumatano saa 6 usiku". Mmoja akaelewa usiku wa kuamkia Jumatano, mwingine usiku wa kuamkia Alhamisi, na wa tatu, aliyezoea saa za Kizungu, akadhani ni saa 12 jioni. Wote watatu walikuwa na hoja, na nilitumia jioni nzima kwenye simu nikisuluhisha. Usiweke kikomo karibu na usiku wa manane. Andika hivi: "Jumatano tarehe fulani, saa 2 usiku, simu yako ikisoma 20:00." Hakuna aliyekosea tangu hapo.

Muhtasari wa majibu. Kwenye mipangilio ya fomu kuna kitufe kinachomruhusu aliyejaza kuona muhtasari wa majibu ya wote, maandishi yao yakiwemo. Nilikiwasha mwenyewe nikidhani kinamwonyesha mtu jibu lake tu. Watu watano wa mwisho walisoma listi za waliotangulia, na mmoja wao, kwa uungwana wake, akanipigia kuniambia. Ilibidi nifute zote na kuomba listi upya kutoka kwa kila mtu. Kizime. Kisha jaribu fomu kwa akaunti nyingine, si ile uliyoitengenezea.

Kuhariri. Ruhusu mtu abadilishe listi yake mpaka saa ya kufunga, kisha zima upokeaji kwa mkono wako. Ukiiacha wazi, kiungo cha kuhariri kinaendelea kufanya kazi.

Na kama mwandaaji unacheza pia, listi yako iwe ya kwanza kutumwa, kwa mtu asiyecheza, kabla hujafungua hata moja ya wengine. Usipofanya hivyo hutashutumiwa mbele yako, lakini utasemwa pembeni, na watakuwa na haki.

Hatua ya 4: Kagua, ndipo ufungue

Jumlisha pointi kwa kikokotoo hata kama programu imeshajumlisha. Kwa sheria za Toleo la 10, angalia kikosi kimoja hakirudiwi zaidi ya mara tatu, au sita kwa vile vya mstari wa mbele (Battleline) na vya usafiri (Dedicated Transport). Nyongeza za makamanda (Enhancements) zisizidi tatu, na isijirudie hata moja. Aliyekosea mpigie faragha. Masahihisho ni kupunguza tu: anaondoa kilichozidi, haongezi kitu kipya. Alhamisi saa 2 usiku tuma zote kwenye faili moja.

Hatua ya 5: Kumsoma mpinzani

Hii ni ya mchezaji. Usijaribu kukariri listi 11. Kila listi iandikie kadi ndogo yenye mistari mitatu: kinachoweza kuniua, kinachoweza kunifikia haraka, na kinachotegemewa kushika maeneo ya mezani yanayotoa alama za ushindi. Mengine utayaona mezani.

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Tafuta vikosi vinavyoanzia nje ya meza na kushuka katikati ya mchezo. Kwa sheria za Toleo la 10, kwa kawaida vinashuka zaidi ya inchi 9 kutoka kwako, na kuvamia kutoka hapo kunadai jumla ya 9 au zaidi kwenye dadu mbili, yaani nafasi 10 kati ya 36. Ni kidogo, ila si kidogo kiasi cha kuacha kamanda wako peke yake kwenye kona.

Listi haikwambii yote. Kabla ya mchezo muulize mpinzani wako waziwazi: "Kaka, kikosi hiki kinaweza kunishtukiza kwa namna gani?" Naye anapaswa kukujibu ukweli wote. Mimi namweleza mpinzani wangu hata asipouliza, kwa sababu nataka nimshinde kwa mchezo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kati ya raundi, anayetaka kutazama meza za wengine atazame. Asiguse kitu, asimshauri mtu. Mchezo ukiendelea, simu ni ya kusomea sheria na kuhesabu alama. Kumtumia rafiki picha ya meza ili akuelekeze ni kosa, na litangazwe asubuhi kabla ya raundi ya kwanza, si baada ya mtu kukamatwa.

Chapisha kila listi nakala mbili, moja ya mwenye jeshi na moja ya mpinzani wake. Raundi ya pili kwenye mashindano ya kijana wa Tabata umeme ulikatika, intaneti ya ukumbini ikaondoka nayo, na nusu ya simu zilikuwa na chaji ya kubahatisha. Walisogeza meza karibu na madirisha, wakaendelea na karatasi zao.