Asante inayobaki mkononi

Kama kikundi chenu hapa Dodoma kina watu wanaojitolea, msisubiri sherehe ya mwisho wa mwaka ndipo mseme asante. Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea ni Desemba 5, na kwa kawaida wakati huo mvua zimeshaanza, wengi wa Bahi na Chamwino wako shambani wanapanda mtama na uwele. Washukuruni mapema.

Kwa vijana, naona hakuna kinachozidi barua. Iwe na sahihi na mhuri, itaje tarehe alizoanza na kumaliza, tena iseme kazi yenyewe: "alipima uzito wa watoto kliniki ya kijiji", si "alishiriki vizuri". Ataiambatanisha kwenye maombi ya kazi. Mpe kabla hajaiomba, maana wengi huona haya kuuliza.

Nauli irudishwe siku hiyohiyo. Hiyo si zawadi, ni haki yake.

Kwa mama mtu mzima, nendeni nyumbani kwake mkamshukuru mbele ya mumewe na watoto. Hao ndio waliochota maji na kupika ugali alipokuwa kwenu.