Kabla hujawafungulia wageni banda lako la konokono

Kwa hapa Dodoma, anza kupanga msimu na saa. Bango la barabarani litakuja baadaye. Konokono wakubwa wa nchi kavu hutembea usiku na penye unyevu. Mgeni akifika saa sita mchana mwezi wa Agosti, upepo na vumbi la kiangazi vikiwa vimepamba moto, atakuta magamba yametulia chini, midomo imezibwa kwa utando mkavu mweupe, na atakuuliza kama wamekufa. Hawajafa, wanangoja mvua. Lakini humtozi mtu kiingilio aje kutazama magamba. Anza Januari hadi Aprili, na pokea watu kuanzia saa kumi na moja jioni. Ukitaka kupokea wageni kiangazi, utahitaji kivuli kizito, magunia ya kulowesha kila jioni na maji ya uhakika. Hesabu gharama ya maji hayo kwanza, maana madumu ya kununua yanaweza kumeza kiingilio chote.

Kitakachokuchosha zaidi ni mikono ya watu. Kila anayekuja anataka kushika. Weka vibuyu chirizi viwili vya kunawia mikono, kimoja kwenye mlango wa kuingilia na kingine wa kutokea. Cha kwanza ni kwa ajili ya konokono: mkono uliopakwa dawa ya mbu, au uliotoka kwenye karanga za chumvi, unamuunguza, kwa kuwa chumvi humvuta maji mwilini. Cha pili kiwe na sabuni, na hicho ni cha mgeni. Konokono wakubwa wanaweza kubeba minyoo wanaotokana na kinyesi cha panya, nao wakimwingia binadamu huweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo hakuna kula chochote bandani, watoto wasitie vidole mdomoni, na panya wategwe kabla hujamkaribisha mtu wa kwanza. Tumia mitego, usimwage sumu karibu na chakula cha mifugo yako.

Wa kushikwa watenge kwenye beseni, wachache na waliokomaa. Wadogo usiruhusu waguswe: ukingo wa gamba linaloendelea kukua ni mwembamba, na ukiubonyeza kwa kidole gumba tu unameguka. Mwonyeshe mgeni alowanishe kiganja, akitandaze mbele ya konokono, kisha asubiri apande mwenyewe. Aliyenata ukutani asing'olewe kwa kuvutwa gamba.

Jiandae na maswali pia. Wanafunzi lazima watauliza kama hawa ndio wa kichocho. Sio, wanaoeneza kichocho ni konokono wa majini, hawa ni wa nchi kavu. Nawe usiishie kwenye jibu fupi, maana mtoto atakwenda kusimulia nyumbani, na wazazi ndio wanaoamua kama shule irudi tena.

Njia ya kupita iwekee mipaka kwa kamba au matofali. Mayai yana ukubwa wa milimita 4 hadi 5 hivi, hufukiwa kwenye udongo laini, na kiatu kikiingia humo kinayaponda au kinaondoka nayo kwenye soli. Brashi ya kusugulia viatu mlangoni ni bei rahisi kuliko ugomvi na jirani ambaye konokono watamlia mchicha au zabibu. Huyu konokono mkubwa ni wa kwetu Afrika Mashariki, ila kwingine ameorodheshwa miongoni mwa viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, kwa hiyo jirani akilalamika usimwone mkorofi.

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na afisa mifugo wa kata wapewe taarifa mapema. Choo kiwepo. Kundi lisizidi watu kumi kwa mara moja. Wakizidi hapo utakuwa unachunga watu, sio kuwaeleza. Kama utapika konokono wa kuonja, wapike waive kabisa na utenge vyombo vyake, kwani wageni wengi hawali na hawatapenda chai yao itoke kwenye sufuria hiyo hiyo. Na amua mapema utajibu nini mgeni akiomba wawili wa kwenda kufuga nyumbani. Mimi ningekataa, hata akiweka hela mezani.