Namna ya Kutambua Madini kwa Vifaa vya Nyumbani

Madini ni kitu yabisi kilichotokea kwa maumbile, chenye muundo wa kikemikali unaojulikana na chembe zilizojipanga kwa utaratibu maalumu. Utaratibu huo si jambo dogo: matumbawe hai hujenga mifupa yake kwa aragoniti, ilhali sehemu kubwa ya mawe ya kale ya uwandani (ardhi ya mawe ya matumbawe), kama ya Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, ni kalsaiti, na ingawa yote mawili ni kalisiamu kaboneti, huhesabiwa kuwa madini tofauti kwa sababu chembe zake hazikupangwa kwa namna moja.

Kwa kuwa mawe mengi ya visiwa vyetu ni ya chokaa, naona ni vyema kuanza na ndimu au siki. Likwangue jiwe kwa msumari mpaka upate unga kidogo, kisha udondoshee matone juu yake. Ukitoa povu, jiwe lina kaboneti. Usiache kukwangua, maana siki ni asidi dhaifu, na juu ya jiwe zima povu huweza kuwa dogo hata lisionekane. Mchanga mweupe wa Paje hutoa povu, kwani ni mabaki ya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa, lakini chembe za kwatsi, madini magumu yasiyo na kaboneti, hazitoi kabisa.

Jiwe lisilotoa povu lipimwe ugumu. Katika kipimo alichokitoa Friedrich Mohs mwaka 1812, talki, iliyo laini kuliko yote, ni 1 na almasi, iliyo ngumu kuliko yote, ni 10; kitu chenye namba kubwa hukwaruza chenye namba ndogo. Ukucha hukaribia 2.5, kioo 5.5, na kwatsi ni 7. Kwatsi, basi, hukwaruza kioo, na kalsaiti, yenye ugumu wa 3, haiwezi. Futa alama kwa kidole kabla ya kuamua, kwa sababu huenda ni unga wa jiwe lenyewe uliobaki juu ya kioo.

Rangi ya nje isiaminiwe, kwani kwatsi peke yake huwa nyeupe, zambarau au waridi. Lisugue jiwe nyuma ya kigae, pasipo na rangi ya kung'aa, na utazame mstari unaobaki: hematiti, yaani madini ya chuma, hata ikiwa ya kijivu, huacha wekundu wa hudhurungi, pairiti inayofanana na dhahabu huacha weusi wenye ukijani, ilhali dhahabu huacha umanjano.

Mwisho, tazama jiwe linavyovunjika: ulanga hubanduka tabaka nyembamba, kalsaiti hupasuka vipande vyenye pande za mshazari, na kwatsi huvunjika kwa mikunjo kama chupa.